Gari la kujiundia: mipaipu ya pawa stelingi naiungaje, na oili najaza vipi mara ya kwanza?

Mjenzi_Igoma

Wakuu habari za jioni. Niko Mwanza, huku Igoma, kuna gari najiundia mwenyewe taratibu. Chesesi ya paipu za mraba tumechomelea na jamaa yangu, bodi ya faiba kanimwagia fundi wa boti wa Kirumba (mwanzoni alikuwa ananicheka, eti boti gani hii ina magurudumu), injini 1G-FE ya Mark II GX100 na gia manyo, stelingi reki (ule mtaimbo wenye meno unaosukuma matairi kushoto na kulia) ya Corolla AE110. Ikiisha nakadiria itakuwa kilo 800 na kitu, sio nzito, ila mbele nimeweka matairi mapana na nikikata kona gari ikiwa imesimama mikono inaomba poo, ndo maana nataka pawa ifanye kazi kweli.

Sasa nilipokwama ni hapa, pampu ya Mark II na reki ya Corolla hazijawahi kuonana maishani, paipu ya presha ya Mark II haifiki kwenye reki na ya Corolla kichwa chake hakiingii kwenye pampu. Fundi mmoja wa gesi anasema tuzikate zote mbili tuunge katikati kwa shaba, mwingine ananiambia nitafute paipu ya kopa ya friji. Tenki la oili nalo, boneti imeshuka sana mbele, nafikiria kulifunga chini pembeni ya rejeta. Kati ya zile paipu mbili fupi zilizolala juu ya reki moja imepondeka. Afu reki imekaa stoo muda mrefu, kavu, na pampu kavu vilevile, nasikia ukiwasha kavu tu umeiua. Naanzaje kujaza? Familia nimeshaiahidi tutavuka daraja la Kigongo–Busisi na hiki kitu kwa hiyo msinichekeshe nisaidieni.

Sukani_Nyakato

Hongera mkuu kwanza, weka picha.

Huyo wa shaba mwambie asante afu uondoke. Upande wa presha kwenye pawa stelingi ukikata kona mpaka mwisho unapanda bar 70 na kwenda juu, gari nyingine inapita 100, wakati tairi lako hapo lina bar 2 na ushee tu. Kopa ya friji inachoka kwa mtikisiko, inapasuka, na inapopasuka oili inaruka ukungu juu ya ekzosi yenye moto na bodi yako ni faiba, sitaki hata kumalizia hiyo sentensi. Kiungo cha shaba katikati ya paipu inayotikiswa na injini ni hivyohivyo, kitashika leo na kesho na siku ukiwa kwenye mteremko wa Bugando kinaachia.

Unachofanya, chukua paipu zote mbili, ya Mark II unataka kichwa cha upande wa pampu, ya Corolla unataka kichwa cha upande wa reki. Peleka kwa wanaopresi mipira ya haidroliki ya maexkaveta, Mwanza hapa wapo, mitambo ya migodini ya Geita na ya barabara inawalisha. Waambie wabakize vichwa vya chuma vya Toyota na kipande cha bomba la chuma, afu katikati wapresi mpira mpya wa inchi tatu kwa nane. Wenye tabaka moja la waya ndani unatosha kabisa, kazi yake ni bar 180, wa waya mbili unafika 330 lakini ni mgumu kama nini, kuukunja kwenye chesesi ndogo utalia. Waulize kama mpira wenyewe unakubali oili ya madini yenye joto la nyuzi 100, wa kawaida wa haidroliki unakubali.

Jambo moja ambalo mafundi wa mitambo hawatakwambia, mpira orijino wa Toyota unatanuka kidogo makusudi, unameza mapigo ya pampu. Ule wa exkaveta hautanuki. Kwa hiyo ukiweka mfupi sana na umenyooka tuu, stelingi itakuwa inaguna kwenye mikono hata kama kila kitu kizima. Uache uwe mrefu kidogo wenye kona ya upole, na kama kuna kipande cha mpira wa Toyota bado kizima usikitupe, kiendelee kuwepo kwenye laini.

Sehemu ya banjo (kile kiungo cha bolti yenye tundu la kupitisha oili) weka washa za kopa mpya pande zote mbili, sio hizo ulizotoa.

dogo_wa_mabatini

Mbona mnamtisha jamaa bure. Mimi nimeona Noah inatembea na mpira wa maji wa hita umekazwa klipu mbili mbili na iko barabarani mpaka leo. Kaza tu vizuri

Sukani_Nyakato

Dogo hiyo Noah ni laini ya kurudi uliyoona, sio ya presha, ingekuwa ya presha usingebaki na ya kusimulia. Na hata kwenye kurudi mpira wa maji haufai, ule umetengenezwa kwa maji na kulanti, ukikaa kwenye oili unavimba unalainika kama ugali wa jana, klipu inabaki inashika upepo. Ya kurudi weka mpira wa oili au hata wa mafuta ya petroli wenye ubora, klipu ya skrubu, presha yake ni ndogo haina shida.

Ngosha_wa_Ziwa

Mi ni fundi wa injini za boti lakini stelingi za haidroliki nazifunga sana kwa hiyo nichangie kidogo. Kwenye boti silinda ya nyuma ina vinipo vya kutolea hewa, unafungua unazungusha usukani hewa inatoka unafunga. Watu wakija kwenye gari wanatafuta nipo kwenye reki hawaioni wanachanganyikiwa. Reki nyingi za gari hazina, hewa inatoka yenyewe inarudi na oili mpaka kwenye tenki inapanda juu. Maana yake ni kwamba tenki ndo mlango pekee wa hewa kutokea, na wewe unataka kuliweka chini pembeni ya rejeta. Hapo ndo utakapoumia mkuu.

Kitako cha tenki kiwe juu ya mdomo wa pampu. Ule mpira mnene unaotoka tenki kwenda pampu uwe mfupi, mnene kama ulivyotoka kiwandani usipunguze hata kidogo, na uwe unashuka tu mwanzo mpaka mwisho, usipande juu ya kitu chochote afu ushuke tena, maana pale kwenye nundu hewa inakaa na haitoki milele. Kama boneti inakubana tafuta tenki dogo, au lisogeze nyuma kwenye faya wolu (ule ukuta kati ya injini na abiria) panaponyanyuka, mpira ukirefuka kidogo sio neno ili mradi unashuka.

Na reki yenyewe umeifunga mbele ya ekseli au nyuma? Uliza swali hilo kabla ya mipaipu. Reki iliyotengenezwa kukaa nyuma ukiiweka mbele, ukikata kulia gari linakwenda kushoto.

Mjenzi_Igoma

Nyuma ya ekseli kama ilivyokuwa kwenye Corolla, hilo nilipima kabla ya kuchomelea. Tairodi nazo zimelala sawa. Asante Ngosha kwa hilo la tenki, ngoja niangalie faya wolu. Na hizo paipu fupi mbili za kwenye reki je?

Ngosha_wa_Ziwa

Hizo ni za kupeleka presha kushoto na kulia kwa pistoni iliyo ndani ya reki, nazo zinakula presha ileile kubwa, usikunje kopa hapo. Iliyopondeka tafuta reki chakavu utoe ya kwake, kwenye maduka ya spea za kukata zipo zimelala. Ila kabla hujafungua chora au piga picha ipi inaingia tundu lipi. Ukizibadilishana, siku unawasha gari usukani unageuka wenyewe unakimbia mpaka mwisho, yaani ukigusa kidogo tu kushoto pawa inasukuma kulia. Mtu anaweza kuvunjika kidole pale.

Dada_Spea

Habari kaka Mjenzi. Kwenye oili usihangaike, pampu Toyota reki Toyota, wote wawili wanakunywa ATF (oili ya gia otomatiki) ya DEXRON II au III, ile nyekundu. Hiyo bahati unayo, kuna wateja wanakuja na pampu ya gari ya Ulaya inayotaka ile haidroliki ya kijani, afu reki ya Kijapani, hapo ndo kelele. Usichanganye. Na tafadhali oili ya breki usiweke hata tone, sili za pawa stelingi haziivumilii, zinavimba ndani ya muda mfupi afu reki nzima inaanza kuvuja na reki ndo kitu ghali kuliko vyote hapo. Nunua kopo lililofungwa usinunue ya kupimiwa kwenye chupa ya maji.

Uangalie na pampu yako kama ina vimipira viwili vyembamba vya vakyumu, pampu nyingi za Toyota zina kivalvu kidogo cha kuongeza sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ukikata kona. Kivalvu kikifa ndani injini inavuta ATF kupitia humo, moshi mweupe unatoka nyuma, watu wanashusha injini wakidhani ni ringi. Kama hutumii ziba pande zote mbili, upande wa pampu na upande wa manifoldi.

mwanaKapripointi

Kwa gari ya kilo 800 mi ningetupa hayo mabomba yote nikaweka kolamu ya umeme ya Vitz au Passo. Hakuna oili, hakuna mkanda, hakuna moto. Dunia imeshahama huko.

Sukani_Nyakato

Ni wazo zuri kwa anayeanza chesesi. Huyu kolamu yake imeshafungwa na pampu iko kwenye injini tayari. Na ile ya umeme nayo ina kichwa chake, inataka taarifa ya spidi, inavuta ampea nyingi kwa mkupuo ukikata kona umesimama, waya na fyuzi viwe vya maana. Sio kwamba unafunga unaondoka.

Kaka Mjenzi kwenye kujaza sasa, maana hapo ndo watu wanaua pampu na kulaumu muuzaji.

Kabla ya kufunga mpira wa kunyonya, mimina ATF ndani ya mdomo wa pampu huku unazungusha puli kwa mkono, mkanda ukiwa bado haujavaa, mpaka uone inaanza kulowa na kutema upande wa pili. Pampu ile ina vijibao vinavyoteleza ndani, vikizunguka vikavu vinakwangua ukuta na haviponi. Funga mipira. Jeki mbele, matairi yote mawili hewani, weka stendi, usiamini jeki.

Mara ya kwanza usirudishe oili kwenye tenki. Chomoa mpira wa kurudi, ziba lile tundu la tenki, mpira uelekeze kwenye chupa. Wewe umechomelea, umekata, reki imelala stoo, ndani kuna vumbi la chuma na sijui nini, hiyo takataka ya kwanza inatakiwa itoke nje sio izunguke. Mwenzako anamimina kwenye tenki, injini IMEZIMWA, wewe unakata usukani polepole mwisho mpaka mwisho. Polepole namaanisha polepole, ukikimbia unapiga mapovu. Oili inavyotoka kwenye chupa ikiwa safi rudisha mpira kwenye tenki, endelea kukata kushoto kulia mara nyingi tu, ishirini na zaidi, unaongeza oili kila inaposhuka. Hapo bado hujawasha! Watu wote wana haraka ya kuwasha.

Ikiacha kushuka na mapovu yamekwisha, acha ikae kidogo, hata nusu saa, hewa iliyosagika ipande yenyewe. Ndo uvae mkanda, uwashe sekunde chache uzime, uangalie tenki, uongeze. Ukirudia mara kadhaa bila kushuka, acha kwenye sailensi, kata taratibu mwisho wa kulia ushike sekunde mbili tatu, rudi kushoto hivyohivyo. Usishikilie pale mwisho zaidi ya hapo, oili yote inapita kwenye valvu ya presha inachemka.

Kipimo cha mwisho, kwenye mabuku ya Toyota wanasema pima oili injini ikiwa inazunguka, zima, pima tena. Ikipanda zaidi ya milimita 5 baada ya kuzima basi ndani bado kuna hewa.

Mjenzi_Igoma

Wabeja sana wakuu. Mpira nimeshapresi, vichwa vya Toyota vimebaki, jamaa kafanya vizuri mpaka kaujaribu kwenye mashine yake mbele yangu. Paipu fupi nimepata kwenye reki ya kukatwa. Tenki nimelipandisha kwenye faya wolu. Nimejaza kama Sukani alivyosema, injini imezimwa ilikwenda safi kabisa mpaka nikafurahi. Sasa nimewasha, dakika kama mbili oili imegeuka pinki yenye ukungu, povu linapanda mpaka linatoka kwenye kifuniko, na pampu inalia nguuuu nikikata kona. Hakuna panapovuja hata tone. Nimekagua kila kiungo na tochi, kukavu. Fundi wa jirani kasema pampu imekufa nitafute nyingine.

Ngosha_wa_Ziwa

Usinunue pampu! Hiyo ni hewa, na kwa sababu hakuna panapovuja ndo najua iko wapi. Upande wa presha ukiwa na tundu oili inatoka nje. Upande wa kunyonya ukiwa na tundu oili haitoki, hewa ndo inaingia, ni mvuto pale. Kwa hiyo ukavu wa nje haukuthibitishii chochote kwenye ule mpira mnene. Chukua grisi, paka kwa wingi kuzunguka kiungo cha mpira mnene pale tenki na pale pampu, washa. Kelele ikipungua umekipata.

Na mpira wa kurudi unaingia tenki wapi, juu ya oili au chini yake?

Sukani_Nyakato

Naunga mkono. Afu piga picha ya huo mpira mnene ulivyopita tuone.

Mjenzi_Igoma

Picha hiyo hapo. Kurudi inaingia chini karibu na kitako, tenki la orijino. Nimepaka grisi pale pampu, kelele imeshuka ghafla kwa sekunde kadhaa afu ikarudi grisi ilipofyonzwa.

Ngosha_wa_Ziwa

Basi umeshapata jibu, na picha inaonesha la pili. Kwanza mdomo wa pampu una kutu yenye vishimo, klipu inakaza mpira juu ya vishimo, hewa inapita chini. Sugua na msasa laini mpaka uwe laini, ziba mdomo kwanza chembe zisiingie ndani. Mpira nao ni wa zamani umeshakuwa mgumu kama plastiki, badilisha, upana uleule wa ndani. Pili umeupitisha juu ya ile paipu ya mraba ya chesesi ndo ukashuka, nundu niliyokwambia ile. Upitishe chini yake.

Dada_Spea

Na oili hiyo yenye povu usiitupe, iache kwenye chombo safi ikae usiku kucha itarudi nyekundu, chuja kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. ATF sio bei ya maji.

Mjenzi_Igoma

Wakuu imekubali. Mpira mpya, mdomo nimesugua, nimepitisha chini ya chesesi, nikarudia kujaza mwanzo mwisho matairi yakiwa hewani. Oili nyekundu imetulia, nimepima ikizunguka na ikiwa imezimwa tofauti haifiki hata milimita 2. Pampu ileile iliyo"kufa". Nimeenda nayo Kisesa na kurudi, kelele hakuna.

Kilichobaki usukani ni mwepesi mno, kidole kimoja, na nikitoka kwenye kona haurudi wenyewe katikati, lazima niurudishe.

Sukani_Nyakato

Hilo sio oili tena. Pampu ya gari kubwa inaisukumia reki ya gari ndogo iliyobeba pua nyepesi, lazima iwe hivyo. Watu wanatia kizuizi chenye tundu dogo kwenye mdomo wa presha kupunguza mtiririko lakini usianze na hicho, anza na kasta, yaani mlalo wa kwenda nyuma wa mhimili ambao tairi linakatia kona. Kama umeiga kipimo cha kasta cha Corolla kwenye gari hii ni kidogo sana, ongeza kwa kuvuta balljointi ya juu nyuma, usukani utaanza kurudi wenyewe na utapata uzito kidogo mkononi. Na ile paipu ya presha inayopita karibu na ekzosi niliyoiona kwenye picha, weka bati la kukinga moto katikati kabla ya safari ya Sengerema, vidole vinne vya nafasi havitoshi. Ukitafuta panapovuja wakati injini inazunguka tumia kipande cha boksi, sio kiganja, ile oili kwa presha ile inaingia ndani ya ngozi.

Mjenzi_Igoma

Bati naliweka kesho. Balljointi za juu nilizifunga na washa za kurekebishia kwa hiyo kasta inawezekana. Uzi wa alaimenti nafungua mwingine, huu umeshakuwa mrefu.

dogo_wa_mabatini

Mkuu ukivuka daraja weka video